Watoto wa Mbinya Hung'aa

Makongeni, mtaa wa Thika, watu humtambua mtoto anayelelewa kwa Mbinya bila kuuliza jina lake. Humtazama miguu. Ikiwa imepakwa mafuta mpaka katikati ya vidole, na magoti yanang'aa kiasi kwamba mtu mwenye haraka angeweza kujitengenezea kola mbele yake, basi mtoto huyo ametoka kwake, kwa Mama Nzioki kama wakubwa wanavyomwita, nyuma ya duka la makaa, mlango wa buluu.

Mbinya ana miaka hamsini na tisa. Kazi yake ni kulea watoto wa watu tangu saa kumi na moja na nusu alfajiri, mama zao wakielekea viwandani, hadi saa kumi na mbili jioni. Ana vyumba viwili, ua mdogo wa simiti, kamba mbili za nguo na watoto kumi na mmoja. Bango hana. Aliwahi kuandikisha moja, mvua ikalifuta mwezi wa kwanza, na kwa kuwa watoto waliendelea kuletwa hakuona sababu ya kuandikisha jingine.

Watoto wote humwita Susu, yaani nyanya kwa Kikamba, hata wale Wakikuyu ambao kwao nyumbani wana cucu wao kamili. Kuna cucu mmoja kutoka Kamenu aliyekuja kumchukua mjukuu wake, mtoto akakataa kutoka na kumweleza kwamba Susu ni yule pale. Yule cucu alilalamika kanisani wiki mbili. Mbinya alisikia, akamwombea, na mtoto akaendelea kumwita vile vile.

Habari ya mafuta ilianzia Ruiru. Mbinya alizaliwa huko katika nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa, baba yake akiwa ametoka upande wa Kangundo kutafuta kibarua cha kuchuma. Asubuhi za Ruiru zilikuwa na baridi kali na vumbi jekundu, na watoto wa shamba walikwenda shuleni wamepauka. Mama yake hakukubali. Kila asubuhi alichota mafuta ya kupikia kwa ncha ya kidole, akayapasha moto viganjani, akawapaka watoto wake watano nyuso, mikono na miguu. Mboga za sukuma za jioni zilipikwa kwa yaliyobaki, na kuna siku hakikubaki kitu. Alikuwa akisema mwalimu huanza kumchapa mtoto aliyepauka, kwa sababu anaona hakuna mtu atakayekuja kuuliza. Mbinya hakuwahi kuhakikisha kama ni kweli. Hakuchapwa sana, na hilo lilimtosha.

Alipokua alikuja Thika, akafanya kazi katika kiwanda cha nguo miaka kumi na sita, mpaka kiwanda kilipopunguza watu naye akawa miongoni mwa waliopunguzwa. Rafiki yake aliyebaki kazini akamwomba amshikie mtoto wiki mbili tu. Sasa ni miaka kumi na tisa. Yule mtoto wa kwanza amemaliza chuo huko Juja na ana ndevu, na bado akipita Mbinya humtazama viwiko.

Mafuta alitengeneza mwenyewe. Kila baada ya Jumapili mbili, akitoka kanisani, aliwasha jiko, akayeyusha yale mafuta mazito ya kupaka yanayouzwa kwa kupimiwa, akaongeza ya nazi na glisarini kidogo, akakoroga na kumimina katika debe la kilo tano. Watoto walipakwa mara tatu kwa siku: wakifika, wakiamka usingizi wa mchana, na baada ya kuoga jioni. Mikono ndiyo iliyotangulia. Walijua kunyoosha viganja bila kuambiwa, na aliyelijua hilo kuliko wote ni Mitchell, msichana wa miaka miwili na nusu, ambaye alifika alfajiri akiwa bado na usingizi, akashushwa mgongoni mwa mama yake Wangeci, na kabla hajavuliwa viatu alikuwa amesimama mbele ya debe, amefumba macho, mikono yote miwili mbele. Mlezi wa watoto hapaswi kuwa na anayempenda zaidi. Mbinya alikuwa naye, na kila mtu alijua, na hakuna aliyesema.

Mvua za masika mwaka huu zilikuta mtaro wa nyuma ya ploti umeziba. Mtu aliyekuja kuuzibua aliutoa udongo, akauweka kando, akaenda kula, na udongo ukarudi mtaroni kwa miguu yake mwenyewe. Maji yakasimama. Baada ya wiki mbili kukawa na mbu ambao hata wenyeji wa miaka mingi waliwaheshimu. Watoto wakilala mchana walikuwa na neti, lakini kuanzia saa kumi na nusu, wanapocheza uani wakingoja mama zao, walirudi nyumbani na vipele miguuni na masikioni. Kina mama walisema. Walisema kwa adabu, wakimwita Mama Nzioki, lakini walisema.

Ndipo watatu kati yao wakanunua dawa ya mbu ya kupaka, kila mmoja tyubu yake, wakamletea. Wangeci alikuwa mmoja wao.

Hapo Mbinya akaingiwa na shida ambayo mtu mwingine asingeiona. Tyubu ni tatu na watoto ni kumi na mmoja. Angewezaje kuwapaka watatu na kuwaacha wanane wakitazama, wakiwa wamenyoosha viganja? Katika nyumba yake biskuti ya mtoto mmoja huvunjwa vipande kumi na moja, na ikiwa haivunjiki inarudishwa kwenye mfuko. Alifikiri siku moja nzima. Jumapili akafanya kama anavyofanya na kila kitu kinacholetwa na wachache: akakitia chunguni. Alikamua tyubu zote tatu ndani ya debe, akakoroga na mwiko mpaka rangi ikawa moja, akaridhika.

Tyubu zilikuwa na maandishi, tena mengi, madogo. Miwani ya Mbinya ilikuwa ya Biblia. Ilikaa katika mkoba wa Biblia na kutoka Jumapili, na hakuona kwa nini aisumbue. Mafuta ni mafuta. Katika maisha yake hakuwahi kumwona mtu akisoma mafuta.

Na ilifanya kazi, hilo lazima lisemwe. Mbu walipungua miguuni mwa watoto. Mbinya akawapaka mara tatu kwa siku kama kawaida yake, nyuso, mikono, tumbo, mgongo chini ya nguo, makwapani, wote, mpaka Gathogo, kitoto cha wiki saba, mtoto wa Dianah anayepika chai katika hoteli moja Juja. Kina mama walipokuja jioni walinusa vichwa vya watoto wao wakasema wananukia hospitali, nao walimaanisha sifa. Wawili watatu walianza kujikuna mapajani. Mbinya akadhani ni joto, akaongeza mafuta.

Siku ya tisa ya kupaka, ukiacha Jumamosi na Jumapili, ilikuwa Alhamisi. Kama saa nne asubuhi Mitchell alikaa uani akajifikicha macho kwa viganja vyake, vile watoto hufanya wakichoka, kisha akalia. Hakuacha. Mbinya alimtazama, akaona macho mekundu, akaamua ni vumbi. Vumbi la jichoni kwa Mbinya lina tiba moja, kulainisha. Akachota debeni, akampaka taratibu juu ya kope na chini yake, huku akimwimbia.

Baada ya dakika chache macho yalikuwa yamevimba na kuziba, na mtoto alikuwa akilia kwa sauti ambayo Mbinya hakuwahi kuisikia kwake. Akamwita jirani yake Ndunge, aliyekuwa akifua, abaki na wengine. Akamfunga Mitchell mgongoni, akachukua tyubu moja tupu, na kwenda kliniki iliyo karibu na steji ya matatu, akitembea kwa kasi ambayo magoti yake yalikuja kuilipia mwezi mzima. Njiani alimpigia Wangeci simu kiwandani Ruiru, anakoshona nguo za kuuzwa nje.

Katika kliniki ile kuna mtu aitwaye Githae. Si daktari, naye husema hivyo, lakini Makongeni nzima humwita daktari na amechoka kukanusha. Hakuuliza lolote kwanza. Alimlaza Mitchell ubavu, akamwagia maji safi machoni polepole, jicho moja kisha jingine, karibu robo saa, Mbinya akiwa amemshika kichwa na mtoto akimwita Susu amwokoe. Mbinya alilia pia, kimya kimya, kwa kuwa mikono yake ilikuwa na kazi.

Wangeci alifika maji yakiwa yamekwisha kufanya kazi yake. Alikuwa bado na nyuzi nyeupe kwenye sweta. Alimbeba mtoto, akamtazama macho, na papo hapo akaanza kutafuta mkosaji: kuku wa jirani wanaoparua uani, au ile sabuni mpya ya kufulia, au maji ya mfereji ambayo wiki hiyo yalikuwa na rangi. Githae alimsikiliza, akavuta karatasi.

"Huyu mtoto amepakwa nini leo?" akauliza.

"Mafuta tu daktari, ya kawaida," Wangeci akajibu mbele ya Mbinya. "Huyu ni Mama Nzioki. Ameshika watoto ya hapa miaka mingi. Yeye hawezi mpaka kitu mbaya."

Githae akaanza kuandika kitu kuhusu vumbi. Mbinya aliiona kalamu ikienda. Mlango ulikuwa wazi mbele yake, mpana, na hakutakiwa hata kusema uongo, kunyamaza kulitosha. Akifungua mdomo, kina mama kumi na mmoja watajua kabla ya usiku, na mlezi aliyemuumiza mtoto Makongeni hapewi mwingine. Angefunga nyumba. Aliogopa, aliogopa sana. Lakini kule nyumbani wengine kumi walikuwa wamepakwa asubuhi hiyo hiyo, kutoka debe hilo hilo.

"Daktari, usiandike vumbi," alisema. "Nilichanganya dawa ya mbu kwa mafuta. Nimewapaka wote. Mikono, uso, ndani ya nguo, kila mahali. Leo ni siku ya tisa."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Tatu."

Wangeci alikuwa amegeuka. "Na leo," akauliza polepole, "macho yakianza, ulifanya nini?"

"Nilimpaka juu ya macho, Mama Mitchell. Nilifikiria ni vumbi."

Githae akauliza mdogo kuliko wote ana umri gani. Aliposikia ni wiki saba aliweka kalamu chini, akamwambia Mbinya apige simu nyumbani sasa hivi: watoto wote waoshwe mwili mzima kwa maji na sabuni, wabadilishwe nguo, na nguo walizovua zifuliwe kabla ya kuvaliwa tena. Ndunge alipokea simu akauliza kama ni lazima wote. Mbinya akamwambia wote, aanze na Gathogo.

Baadaye Githae alieleza, akiisoma tyubu tupu ambayo Mbinya alikuwa ameibeba kwenye pindo la leso. Dawa yenyewe haikuwa mbaya, hata yeye huwapaka wanawe. Ila si mafuta. Mtu mzima huitia kidogo kwenye viganja vyake mwenyewe, kisha humpaka mtoto pale ambapo ngozi iko nje tu, miguu na mikono, na mikononi huishia kwenye kifundo. Viganja vya mtoto haviguswi, kwa sababu mtoto hajui kuviweka mbali na mdomo na macho. Chini ya nguo hapana, kwenye kidonda hapana, na wakirudi ndani jioni huoshwa itoke. Kitoto kama Gathogo hakipakwi kamwe, chake ni neti. Na kuichanganya ndiyo kosa kubwa, akasema, maana tyubu imeandikwa kiasi, debe halikuandikwa. Mbinya alipouliza watoto wamepata kiasi gani, Githae alimjibu kwamba yeye hajui, na Mbinya pia hajui, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Macho yangepona kwa siku tatu nne. Wangeci alisikiliza yote, akamfunga mtoto kwa shuka, akatoka bila kusema kwaheri. Hakumtukana. Mbinya alitamani angemtukana.

Jioni ile Ndunge, ambaye ana moyo mzuri na akili ya sokoni, alimshauri aseme ni maji. Makongeni maji husingiziwa kila kitu na hayajawahi kujitetea. Mbinya akakataa. Alisimama kwenye mlango wa buluu, na kila mama alipofika alimwambia maneno yale yale, kwa mpangilio ule ule, kabla hajamkabidhi mtoto: nilichanganya, nilipaka, nimewaosha, ukiona upele au macho mekundu mpeleke kwa Githae. Kufikia mama wa sita sauti ilikuwa imekauka. Mmoja alicheka akidhani ni utani. Mmoja alimkagua mtoto wake kidole kwa kidole pale pale barabarani. Dianah alimchukua Gathogo, akachukua na mfuko wa nepi, na blanketi, na chupa mbili, na kofia ya akiba iliyokuwa kwenye msumari, mpaka pakabaki msumari.

Debe alilikwangua akatia mafuta katika karatasi ya nailoni, akaifunga mafundo matatu na kuipa gari la taka. Ndunge aliomba kidogo cha nyufa za visigino. Alinyimwa, naye akanuna siku mbili.

Ijumaa walikuja watoto wanne. Jumatatu walikuwa watano, wiki iliyofuata sita. Gathogo hakurudi. Upele wa wale wawili watatu uliisha wenyewe. Mbinya alinunua kifaa kimoja tu kipya, kamba ya kiatu, akaifunga kwenye miwani na kuivaa shingoni kila siku. Alisoma sabuni. Alisoma unga wa uji. Alisoma chupa ya dawa ya kikohozi iliyokuwa kabatini tangu mwaka wa juzi, akaitupa. Tyubu mpya ya dawa ya mbu aliining'iniza kwenye mfuko juu ya mlango, mahali ambapo hata yeye huhitaji kiti, na kila mama aliulizwa kwanza kama anataka mtoto wake apakwe. Wawili walisema hapana. Hao wawili walivishwa suruali ndefu na soksi, na Mbinya akajifunza kuvumilia watoto wasiofanana.

Lakini nyumba ilikuwa na ukimya asioujua. Saa kumi na moja na nusu alfajiri aliamka na kukaa kwenye stuli kando ya mlango, na kila kishindo cha viatu barabarani alikisikiliza mpaka kikapita. Alimkosa Mitchell. Alijua yuko Juja kwa Rachael, dada yake Wangeci, na alijua pia kwamba hana haki ya kuuliza.

Jumatatu ya tatu kishindo hakikupita. Mlango uligongwa, na Wangeci alikuwa amesimama hapo na sweta lake la kazi, mtoto mgongoni.

"Ingia, Mama Mitchell, kuna baridi," Mbinya alisema, kwa kuwa hakuwa na jingine.

Wangeci hakuingia. Alimshusha mtoto kizingitini. "Jana nilimpata kwa Rachael na kidonda kwa goti," alisema. "Nikauliza, huyu akasema sijui, yule akasema sijui. Watu watano kwa nyumba." Akamtengeneza mtoto kofia. "Wewe ulisema."

Kisha akaenda, maana basi la Ruiru halingoji mtu.

Macho ya Mitchell yalikuwa meupe, mazima. Kutwa nzima alizunguka nyumba akikagua kama kila kitu kiko pale alipokiacha. Saa kumi na nusu jioni, mbu wakianza, Mbinya alipanda kiti, akashusha tyubu, akavaa miwani, akasoma tena ingawa alijua kila neno. Akajikamulia kidogo kiganjani. Akampaka Mitchell miguu kutoka goti hadi kwenye vidole, akampaka mikono, akaishia kwenye vifundo, viganja akaviacha. Akarudisha tyubu juu, akaenda kunawa mikono yake kwa sabuni, akarudi.

Mtoto alikuwa amesimama pale pale, amefumba macho, viganja vyote viwili mbele.

"Mikono hapana, mami," Mbinya alimwambia. "Mikono Susu ameacha."

Mitchell alifungua macho, akavitazama viganja vyake. Akavigeuza. Akavinyoosha tena, labda Susu hakuona vizuri. Mbinya alijaribu kueleza, akaanza na neno moja, lakini machozi yaliyokuwa yamesubiri wiki tatu yakaamua kuja hapo uani mbele ya watoto saba. Akavua miwani ikaning'inia kwenye kamba ya kiatu.

Mitchell alimtazama kwa makini. Kisha akainua ile mikono iliyonyimwa mafuta na kumfuta Susu macho, jicho moja, halafu la pili, akisugua kwa bidii kama mtu anayefuta meza. Ilikuwa mikono mikavu, imepauka kabisa, na haikuwasha.